Yai la Nasadiki Saba

"Maestra, kwa nini mayai ya huku yanaiva kabla sala yangu haijaisha?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao mweupe na kalamu mkononi. Nilikuwa nimeuliza swali jepesi, la kitabuni kabisa: yai linachukua muda gani kuiva? Nilitegemea mtu ataje dakika, nami nimrekebishe matamshi, tuendelee. Badala yake mama mmoja aliyekaa safu ya mbele, koti lake likiwa limekunjwa mapajani, akanirudishia swali hilo. Nilijifanya nafuta ubao.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika chumba cha chini cha kanisa moja mtaa wa Phillips, kusini mwa Minneapolis. Kila Jumamosi wasemaji wa Kihispania walikuja pale kujifunza Kiingereza bure. Wengi walitoka Meksiko na Ekwado. Walifanya kazi za kuezeka mapaa, kufua mashuka ya hoteli, kukata nyasi wakati wa joto na kuzoa theluji wakati wa baridi. Mwalimu wao nilikuwa mimi, Mtanzania, mwanafunzi wa uchumi, ambaye Kihispania changu nilikiokota kwenye simu. Nilipomuuliza mratibu wa darasa kwa nini anikabidhi mimi kazi hiyo wakati mji umejaa Wamarekani, alinijibu, "Kwa sababu wewe unakumbuka jinsi ulivyojifunza Kiingereza. Wao hawakumbuki." Sikuridhika na jibu hilo. Mimi siridhiki haraka na majibu. Lakini nilibaki.

Mada ya muhula ule ilikuwa muda: maneno yote ambayo Kiingereza kinayatumia kusema kitu kimeanza lini, kimedumu kiasi gani, kitakwisha lini. Na kitabu chenyewe kilinichosha. Kilikuwa na picha ya bwana mwenye tai anayesubiri basi, na chini yake sentensi kwamba amesubiri "for a while". Ukurasa wa maelezo ulisema "a while" maana yake ni muda fulani. Fulani gani? Nikawauliza wanafunzi Kihispania kinasemaje. "Un rato," wakasema. Nikawauliza hiyo "un rato" ni kiasi gani. Wakacheka. Nikawaambia kwetu tunasema "kitambo kidogo", na kitambo chenyewe hakuna anayejua urefu wake. Lugha tatu, na zote zimekataa kusema!

"Inategemea nani anasubiri," alisema fundi mmoja wa mapaa, kijana mcheshi aliyekaa nyuma kila mara ili afike mapema kwenye birika la kahawa. "Un rato ya bosi wangu ni mpaka jua litue. Un rato ya mke wangu, simu haijalia mara ya pili tayari imekwisha."

Hapo ndipo nikasema tuache maneno yasiyo na urefu, tuchukue kitu chenye urefu unaojulikana, kama yai. Na hapo ndipo yule mama akaniuliza swali lake.

Wenzake walimwita donya, kwa heshima, nami nikafuata. Alitoka Ekwado, alikuwa na umri wa kutosha kuwa mama yangu mzazi, na kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Alieleza, nusu Kihispania nusu Kiingereza, huku fundi wa mapaa akijaziliza. Kwao, alisema, hakuna anayechemsha yai kwa saa ya ukutani. Maji yakishachemka unatumbukiza yai, unasali Nasadiki, sala ya kukiri imani. Si ile fupi ya kwenye rozari. Ile ndefu, ya misa ya Jumapili. Unasali mara saba bila haraka wala uvivu, halafu unaopoa. Ukivunja ganda, ute umeshika na kiini bado kinatetemeka. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake naye alifundishwa na wake. Lakini tangu afike Minesota, alisema, sala ni ileile, saba ni zilezile, na kiini kinatoka kikavu kama chaki.

Darasa likalipuka kwa kicheko. "Muulize padri," mmoja akasema. "Hapana," akasema fundi, "donya, huku Mungu anasikiliza taratibu, lugha nyingi mno."

Mimi nilisisimka hata nikasahau kucheka. Hebu fikiria: sala inayoishia kwenye neno milele, na mtu anaitumia kupimia yai! Tena nilikulia na Nasadiki. Bibi yangu aliisali kila jioni kabla sijaanza kumuuliza maswali yaliyomfanya aache kunialika kusali naye. Nikamwambia donya kwamba Jumamosi ijayo tutafanya lesson jikoni, na kila mtu alete yai.

Darasa lilipotawanyika yeye alibaki, akiwa anavaa glavu kidole kimoja kimoja.

"Wewe umecheka moyoni," aliniambia. "Nimekuona."

"Nimefurahi, donya. Ni tofauti."

"Kusahau kwa mama yangu kulianza na chakula," akasema. "Sikiliza, mijita." Mijita ni kama kusema kibinti changu, darasani niliitwa maestra, lakini tukiwa wawili nilikuwa mijita. "Wali ulikuwa unaungua, na yeye amekaa palepale karibu ya jiko. Ukimuuliza, anasema, nimeweka sasa hivi. Kwake muda ulikuwa haujapita. Baada ya chakula yakafuata majina yetu. Sasa mimi natumbukiza yai, nasali, naona nimesali kama siku zote, na yai linaniambia umechelewa." Akafunga koti. "Kama sala yangu imerefuka bila mimi kujua, mimi nitajuaje?"

Nilimwambia hapana, haiwezekani. Aliniuliza nimejuaje. Na mimi, ambaye kazi yangu hapa duniani ni kuwauliza watu wamejuaje, nikageuka kuzima taa za darasa.

Nyumbani nilikaa na Mkenya mmoja, dada aliyekuwa msaidizi kwenye nyumba ya wazee kule Woodbury, upande wa mashariki, na gari lake ndilo lililotuhudumia sote wawili. Wiki ile alirudi kutoka kazini akanikuta na sufuria tatu jikoni.

"Aki wewe, hii nyumba inanuka maabara. Unafanya nini na mayai yangu?"

Nikamweleza.

"Na si kuna timer kwa simu?"

"Hilo silo swali."

"Kwako hakuna kitu huwa swali ile inafaa." Akafungua friji, akahesabu mayai yaliyobaki kwa macho, akafunga. "By the way, wanatafuta mtu wa jikoni huko kwetu job. Breakfast na lunch, wikendi uko off. Huyo mama wako wa Nasadiki anajua ku-cook ama ni ku-pray tu?"

"Anajua kupika. Amepika tangu utotoni."

"Basi mwambie a-apply. Lakini manze, intavyuu ni ya Kiingereza, na huyo meneja anauliza mambo ya time sana. Chakula imekaa nje how long, umeweka kwa friji since when. Wazee huwezi cheza nao."

Nilimpigia donya palepale. Akasema jiko lilikuwa ndoto yake tangu alipotua uwanja wa ndege, kwamba kwenye chumba cha kufulia hakuna hata mmoja anayekuambia asante kwa shuka. Kisha akasema hataki. Nikamuuliza kwa nini.

"Utaniweka mbele ya wazee waliosahau," akasema, "na mimi nipike kwa muda niliousahau?"

Kwa hiyo sasa yai halikuwa tena mchezo. Kama ningeweza kumwonyesha kwamba sala yake haijarefuka, angekwenda Woodbury. Kama nisingeweza, angebaki na mashuka, na kila asubuhi angevunja ganda la yai akijichunguza.

Jumamosi iliyofuata sikuwahi kuona darasa limechangamka vile. Jiko la kanisa lilikuwa refu, la umeme, lenye mabamba meusi. Tuliweka sufuria nne. Donya alisimama mbele yake kama padri mbele ya altare, mimi nikiwa na simu ya kupimia. Akasali. Nikapima. Akasali tena kwenye sufuria nyingine, ya bati jembamba. Nikapima. Ukishampima mtu mara nyingi unaanza kuona jinsi alivyoumbwa. Donya alikuwa ameumbwa kama mashine ya cherehani. Kila mara saba zake ziliishia karibu palepale. Na kila mara kiini kilitoka kikavu.

"Unaona," nikamwambia, "huyumbi hata kidogo."

"Naona siyumbi," akasema. "Mtu anaweza kuchelewa bila kuyumba."

Nilitaka kumpigia makofi. Huo ndio ubishi ninaoupenda! Alikuwa sahihi: nilikuwa nimeonyesha kwamba yuko vilevile leo na leo, sikuonyesha kwamba yuko kama zamani. Nikamuuliza kama kuna mtu kwao anayesali kwa mwendo wa mama yao. Kulikuwa na mdogo wake wa kike. Tukamwandikia, naye kabla kahawa haijapoa akatuma sauti: Nasadiki moja, kuku wakilia nyuma yake. Nikapima. Ilikuwa sawa na ya donya, sawasawa! Tukamuuliza na mayai yake je? Akajibu kwamba yanatetemeka kama kawaida, akauliza kama huku Marekani watu hawana kazi za kufanya.

Nilirukaruka. Sala ileile, muda uleule, yai tofauti. Hakika kosa haliko kwa donya. Wenzake nao wakashangilia. Lakini yeye alitikisa kichwa.

"Huyo namjua. Nilimwambia wiki iliyopita kwamba nina hofu. Ameivuta sala ili anifurahishe."

Nilihangaika na jambo hilo wiki nzima. Nilifikiri ni jiko la umeme. Nilifikiri ni maji ya bomba. Nilifikiri ni ukubwa wa mayai, mpaka mwenzangu wa nyumbani aliponikumbusha kwamba yai kubwa lingechelewa kuiva, lisingewahi. Niliingia mtandaoni nikakuta watu wanagombana kuhusu mayai ya friji na mayai ya mezani, na kila jibu lilizaa mashaka mengine. Tofauti ya nchi zetu sikuifikiria kabisa, kwa sababu hilo mimi na donya tulishalimaliza siku ya kwanza. Nilimwambia natoka Dar es Salaam, karibu na ikweta. Akasema nchi yake imepewa jina la ikweta yenyewe. Tukashikana mikono kama ndugu, watu wawili wa jua katika mji wa theluji.

Kama sikuweza kumtoa hofu, angalau ningeweza kumpa Kiingereza. Nikamwambia asali kwa Kiingereza. Hata asipokwenda Woodbury, nilisema, atajizoeza matamshi, na fundi wa mapaa atacheka.

Tulimwandikia sala ubaoni. Alianza. Kila neno alilishika kama mtu anayevuka barabara yenye barafu. Alirudi nyuma, akarekebisha, akaendelea. Wengine walikunywa kahawa, wakamaliza, wakaenda msalani, wakarudi, bado yuko kwenye Nasadiki ya nne. Alipofika mwisho wa ya saba maji yalikuwa yamepungua nusu. Fundi akaligongesha lile yai mezani, akalivunja. Kiini kilikuwa na duara la kijani, na harufu yake ikatufukuza kutoka jikoni.

"Donya," fundi akasema, "hili yai limesubiri for a while."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote darasani kwangu kulitumia neno lile mahali pake bila kuambiwa. Nilipiga kelele ya furaha! Halafu wote wakaanza. Limechemka since asubuhi. Limechemka until maji yameomba msamaha. How long? Too long! Kurasa zote nilizozilaani, na yule bwana wa tai na basi lake, zilifundishwa na yai moja bovu.

Kuanzia siku hiyo yai likawa mtihani wetu. Kila Jumamosi donya alisali saba za Kiingereza, na kila Jumamosi tulivunja yai kuona Kiingereza chake kimefika wapi. Duara la kijani likafifia. Likawa uzi. Likatoweka. Ulimi wake ulikuwa unafunguka, na tuliweza kuuona ndani ya yai! Siku moja wakanilazimisha nami nisali, kwa Kiswahili. Nilikuwa sijaisali sala ile tangu nilipobishana na bibi. Nilidhani nimeisahau, kumbe ilikuwa imekaa tu inanisubiri. Fundi alilionja yai langu akasema Kiswahili ni kizuri kwa mayai ya kubeba safarini.

Na donya? Kiingereza chake kilifika kwenye mwendo wa Kihispania chake kisha kikasimama hapo. Kiini kikavu, bila kijani. Hakikutetemeka kamwe. Alilitazama yai lile la mwisho kwa muda mrefu.

"Nitakwenda Woodbury," akasema. "Nikikataliwa nitajua."

"Utajua nini?"

"Nitajua, mijita."

Mwenzangu alitupa gari. "Ukii-scratch, utai-pray mpaka irudi rangi," akaniambia. Tuliondoka asubuhi, theluji ya zamani ikiwa imelala kijivu kando ya barabara kuu, tukaupita mji wa Saint Paul, tukaingia kwenye nyumba mpya zinazofanana zote, na maduka yenye viwanja vya magari visivyo na mwisho. Midomo ya donya ilikuwa ikicheza. Sikujua kama anasali au anarudia maneno ya muda.

Meneja wa jikoni alikuwa mwanamke mrefu, Mminesota wa kuzaliwa, mwenye aproni ya bluu na sauti ya mtu asiyewahi kumkatiza mwingine. Aliniruhusu nikae kwenye meza ya kulia chakula, mbele ya dirisha la kutolea sahani, kwa hiyo niliona kila kitu. Akauliza: umekuwa ukipika kwa muda gani? Donya akavuta pumzi.

"Since I was a girl," akasema. "Until this morning."

Meneja akatabasamu. Akauliza supu inaweza kukaa nje muda gani, friji ifunguliwe kwa muda gani, wali wa jana utumike mpaka lini. Donya alijibu yote. Mimi huku mezani nilikuwa nimekamata kingo za kiti kana kwamba ni familia yangu inayosailiwa. Kisha meneja akasema sasa tutengeneze kifungua kinywa kidogo, mayai ya kuchemsha, na akamwonyesha saa ya jikoni nyeupe iliyokuwa rafuni.

Donya aliitazama saa ile. Maji yakachemka. Akamgeukia meneja, akasema kwa adabu, kwa Kiingereza safi, "May I pray?"

"Of course," akasema meneja. Akakunja mikono, akainamisha kichwa, akafumba macho.

Nikaelewa kinachotokea, na sikuwa na namna ya kukizuia. Meneja alikuwa anategemea sala ya chakula, ile ya pumzi mbili. Donya akatumbukiza mayai na kuanza Nasadiki ndefu, kwa Kiingereza. Meneja akasubiri. Sala ikaisha, meneja akafumbua macho, na donya akaanza tena. Meneja akafumba. Ya pili ikaisha, ikaanza ya tatu. Jicho moja la meneja likafunguka likanitafuta dirishani. Nilimwonyesha vidole saba. Sijui alielewa nini. Watu wa huku hawawezi kumkatiza mtu, na kumkatiza mtu anayesali ni zaidi. Nilikuwa nimeuma mkono wa sweta nisicheke.

Halafu, kwenye ya nne, nikasikia sauti ya pili. Meneja alikuwa ameanza kusali naye. Aliyajua maneno! Kwanza kwa aibu, chini chini, kisha kwa sauti, wanawake wawili mbele ya sufuria, mvuke ukipanda kati yao, mmoja mfupi mmoja mrefu, wakienda mwisho wa sala na kurudi mwanzo, mwisho na mwanzo. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na kigari chake cha kutembelea akasimama mlangoni, akasema amina, akaendelea na safari yake.

Ya saba ilipoisha donya akaopoa mayai, akayatia maji ya baridi, akamenya moja, akalikata katikati. Kiini kilikuwa kikavu, cha njano mpaka katikati. Niliona mabega yake yakishuka.

"Perfect," akasema meneja. "Wazee wetu hatuwapi kiini kibichi, si salama kwao. Linatakiwa liwe hivihivi."

Mtu mwingine angelichukua neno hilo akashukuru. Donya hakulichukua. Alifuta mikono, akamtazama yule mwanamke usoni, na akauliza swali lake mwenyewe, lile alilolibeba tangu afike nchi hii, kwa maneno tuliyojifunza pamoja.

"You pray with me. I take too long?"

Meneja alishangaa. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nitampenda daima.

"Too long?" akasema. "Mama, nilikuwa nakufukuzia. Mara zote ulikuwa unafika amina kabla yangu."

Donya alichukua lile yai la nusu, akalitia chumvi, akala.

Wakati wa kuagana meneja akasema tutakupigia simu "in a little while". Basi garini tukabishana. Nilimwambia hilo ni neno la kitabu kile kile, halina urefu, linaweza kuwa wiki, linaweza kuwa adabu tu ya kusema hapana. Yeye akasema hapana, kama "a while" ni muda fulani, basi "little" ni mtoto wake. Nilikuwa bado napinga, na tulikuwa bado hatujavuka mto Mississippi, simu yake ilipolia.

Alinikataza kwa mkono nisiguse. Akapokea mwenyewe. "Yes," akasema. "Yes. Since when?" Akajirekebisha haraka, "When do I start?" Nilipiga honi katikati ya daraja, nikapigiwa honi na mji mzima.

Alifanya kazi kule mpaka nilipohitimu na baada ya hapo. Mwenzangu aliniambia wazee walimwita kwa jina la mke wa fulani, dada wa fulani, na yeye aliitikia yote. Hofu yake kuhusu sala ilipungua, ingawa haikwisha. Kila tulipoonana nilimuuliza kiini kinaendeleaje. "Kikavu," alijibu. "Lakini nimekizoea. Labda huku ni nchi ya mayai magumu." Na mimi swali lake niliendelea kulibeba, kama kokoto ndani ya kiatu. Nilikuwa tayari kuamini chochote, isipokuwa kwamba alikuwa anachelewa.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi nyumbani, nikaenda Makete kwa mjomba, kwenye sherehe ya kumuaga binamu anayeolewa. Sikuwahi kufika nyanda za juu. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na baridi iliyonikumbusha vuli ya Minneapolis, nikajitolea kuchemsha mayai ya wageni. Niliweka simu kwenye dakika nilizozizoea, zile nilizozipima mara nyingi kwenye jiko la kanisa. Simu ikalia. Nikavunja yai la kwanza, na kiini kikatetemeka.

Mke wa mjomba alicheka mpaka akakaa. "Mwanangu, huku si Dar. Huku maji yanachemka kabla hayajapata moto. Hata maharage tunayaanza jana."

Niliacha sufuria, nikatoka nje kwenye ukungu na kumpigia donya. Kwake ilikuwa bado usiku wa jana, alikuwa anaosha vyombo.

"Donya, kwenu kuna baridi?"

"Baridi? Mijita, kwetu mawingu yanapita chini ya nyumba. Mama yangu alilala na sweta maisha yake yote."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe uliniambia tunatoka kwenye jua."

Kidato cha pili niliulizwa swali la maji kuchemka milimani kwenye mtihani wa fizikia, nikalijibu, nikapata maksi zote, na sikuwahi kulifikiria tena. Juu milimani hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwa joto dogo kuliko huku chini, na yai linahitaji muda mrefu zaidi kuiva. Saba za mama yake zilikuwa za mlimani, na Minneapolis iko chini. Tangu siku donya alipofundishwa Nasadiki jikoni kwa mama yake, sala yake haikuwa imerefuka hata kwa neno moja.